Sakafu ya Kutandika: Muundo na Faida za Lamineti, na Tatizo la Kuitaja kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kazi kubwa ya kuunda istilahi za Kiswahili tangu kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967 imeelekezwa katika nyanja za elimu, sheria, utawala na sayansi za msingi. Nyanja ya ujenzi wa nyumba, ambayo kila mzungumzaji wa lugha huishi ndani yake, imeachwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa mafundi na wauza maduka. Si jambo baya kwa kila hali, kwa kuwa fundi ni mwundaji hodari wa maneno. Tatizo hutokea pale ambapo bidhaa mpya inaingia nchini ikiwa na jina lililopachikwa na muuzaji, na jina hilo likaficha namna bidhaa yenyewe ilivyoundwa.

Makala haya yanachunguza bidhaa moja ya aina hiyo, yaani sakafu ambayo katika lugha nyingi za Ulaya huitwa kwa jina litokanalo na neno la Kilatini lamina, lenye maana ya bamba jembamba. Kwa muda, hapa itaitwa lamineti. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya miji ya Afrika Mashariki sakafu hii mara nyingi huuzwa kama 'sakafu ya mbao', na anayeitazama haoni sababu ya kubisha: mistari ya mti ipo, vifundo vipo, hata mikwaruzo ya kale imechorwa. Mnunuzi aliyeambiwa kuwa ni mbao huitunza kama mbao. Ikichakaa humwita seremala aipige msasa na kuipaka vanishi. Ikichafuka huimwagia maji ya ndoo kama alivyozoea kuosha saruji. Tendo la kwanza hufuta sura ya sakafu kabisa, kwa kuwa sura hiyo ni karatasi. Tendo la pili huvimbisha maungio yake, na uvimbe huo hauponi. Hasara inayompata mnunuzi huyo inatokana na fedha aliyolipa, lakini pia inatokana na nomino aliyouziwa.

Hoja inayotetewa ni kwamba istilahi ya kitu kama hiki haina budi kufuata muundo wake, na kwamba Kiswahili kinao tayari ujuzi unaohitajika, ila umehifadhiwa zaidi katika vitenzi kuliko katika nomino. Ili hoja hiyo ieleweke, inafaa kuanza na neno sakafu lenyewe, kisha kueleza kwa kina bidhaa inavyotengenezwa.

2.0 Sakafu iliyokuwa juu

Neno sakafu limetoka katika Kiarabu, ambako saqf ni paa au dari. Maana hiyo ndiyo iliyomo katika Kurani, sura ya 21, aya ya 32, ambapo mbingu inaelezwa kuwa ni dari iliyohifadhiwa. Mzungumzaji wa leo wa Kiswahili, akisikia sakafu, hutazama chini. Je, neno lilishukaje kutoka juu ya kichwa hadi chini ya nyayo?

Jibu limo katika nyumba ya mawe ya mwambao. Katika nyumba za Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja, boriti za mikoko zilipangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake yakawekwa mawe ya matumbawe. Juu ya mawe ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, kisha ikapigwa kwa vipande vya miti kwa muda mrefu hadi ikashikana na kuwa ngumu. Urefu wa boriti ndio uliokadiria upana wa chumba, na kwa sababu hiyo vyumba vingi vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa takriban mita 3 au pungufu. Kitu kilichopatikana kwa kazi hiyo kilikuwa kimoja chenye nyuso mbili. Kwa aliyekaa chini kilikuwa dari. Kwa aliyekaa ghorofani kilikuwa mahali pa kukanyaga. Na ghorofa ya mwisho ikikosa makuti, kilikuwa paa. Kamusi za kale za Kiswahili zilieleza neno hili kwa maana zote mbili. Baadaye neno dari lilishika upande wa juu, neno paa likabaki na lile lenye mteremko, na sakafu ikaachiwa upande wa chini.

Mambo mawili katika historia hiyo yanahusu mada hii moja kwa moja. La kwanza ni kwamba sakafu, hata ile ya kale, ilikuwa kitu cha matabaka. Dhana ya kupanga kitu juu ya kitu ili kupata uso mgumu si ngeni kwa lugha wala kwa mafundi wake. La pili ni muhimu zaidi. Sakafu ilikuwa na kitenzi chake, sakifu, na ilikuwa na kitenzi cha pili cha kuandamana nacho: sakafu ilipigwa. Mpaka leo mtu hupiga sakafu, ingawa saruji ya siku hizi humwagwa na kusawazishwa tu, haipigwi. Kwa upande mwingine mkeka, busati na zulia havipigwi, hutandikwa. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili inabeba maarifa ya ujenzi: kinachopigwa hushikamana na jengo na hakiondoki bila kuvunjwa, na kinachotandikwa hulala juu ya kingine na huweza kukunjwa kikahamishwa. Tofauti hii ndiyo itakayorejewa wakati wa kuitaja lamineti.

3.0 Muundo wa lamineti

3.1 Asili yake

Mzazi wa lamineti ni bamba la kufunikia meza. Mwaka 1912 wahandisi wawili wa kampuni ya Westinghouse nchini Marekani, Herbert Faber na Daniel O'Conor, walifanikiwa kutengeneza bamba gumu la kuzuia umeme kwa kulowesha nyenzo katika utomvu wa kutengenezwa na kuzikandamiza kwa joto. Mpaka wakati huo kazi hiyo ilifanywa kwa madini ya ulanga. Bidhaa yao ikapewa jina Formica, ambalo maana yake katika Kiingereza ni 'badala ya ulanga'. Kiswahili kilipolipokea jina hilo na kulitamka fomaika, ulanga ulikuwa umesahaulika siku nyingi. Fomaika ni uso wa meza ya jikoni au wa kaunta ya duka, basi. Ni mfano mzuri wa neno lililohama na kuacha sababu yake nyuma, na ni dokezo la yale yanayoweza kulipata neno lamineti lisiposimamiwa.

Wazo la kukanyaga kile kilichokuwa juu ya meza lilitoka Uswidi. Kampuni ya kemikali ya Perstorp ilibuni sakafu ya lamineti mwaka 1977, ikaanza kuiuza Ulaya katika miaka ya 1980 kwa jina la Pergo, na mwaka 1994 ikaipeleka Marekani. Kutoka hapo ilisambaa duniani na watengenezaji wakawa wengi, wakiwemo wa China.

3.2 Matabaka manne

Ubao mmoja wa lamineti kwa kawaida una unene wa kati ya milimita 6 na 12, na ndani ya unene huo mdogo mna matabaka manne yenye kazi tofauti. Inafaa kuyaeleza kutoka chini kwenda juu, kinyume cha mazoea ya vijitabu vya biashara, kwa sababu tabaka la chini kabisa ndilo linalopuuzwa na ndilo linaloeleza mengi.

Tabaka hilo la chini ni karatasi iliyoloweshwa utomvu wa melamini na kubandikwa mgongoni mwa ubao. Haionekani kamwe baada ya sakafu kutandikwa, na mnunuzi huweza kudhani kuwa imewekwa kwa urembo au kuzuia vumbi. Kazi yake ni ya mizani. Utomvu wa melamini unapokauka kwa joto hujikaza na kusinyaa. Ukiwa upande wa juu peke yake, huuvuta ubao ukajikunja kama ngozi iliyoanikwa juani. Karatasi ya chini huuvuta ubao kwa nguvu ileile upande wa pili, na mivuto miwili ikilingana ubao hunyooka. Unyoofu wa sakafu hii, kwa maneno mengine, ni matokeo ya ugomvi uliosuluhishwa.

Juu yake kuna kiini, ambacho ndicho karibu uzito wote wa ubao. Kiini hutengenezwa kwa nyuzinyuzi za mti. Vipande vya miti, vikiwemo vijiti na mabaki ambayo kiwanda cha mbao kisingeyatumia, huchemshwa kwa mvuke na kusagwa mpaka vikatawanyika kuwa nyuzi, kisha huchanganywa na gundi na kushindiliwa kwa joto. Bamba linalopatikana huwa na uzito wa zaidi ya kilo 800 kwa mita moja ya ujazo. Halina mwelekeo wa nyuzi kama ubao uliopasuliwa, kwa hiyo halipasuki kwa kufuata mstari. Na fundi huweza kuchonga ukingo wake kwa usahihi wa sehemu ndogo ya milimita. Hata hivyo ni mti bado, nao hunywa unyevu na kutanuka. Hapa ndipo penye ukweli kidogo wa jina 'sakafu ya mbao': mti umo, lakini umo mahali pasipoonekana, na hauna umbo lake la asili.

Tabaka la tatu ni karatasi ya sura. Hii ni karatasi iliyochapishwa picha: mwaloni, mkangazi, jiwe, au chochote ambacho mteja atapenda. Kwa kuwa picha huchapishwa kwa mitambo, sura hujirudia, na mwenye jicho kali akichunguza sakafu kubwa atakikuta kifundo kilekile cha mti katika mbao kadhaa. Fundi mzuri huchanganya mbao za maboksi mbalimbali ili kuutawanya urudiaji huo.

La mwisho ni utando wa juu. Huu nao ni karatasi, nyepesi mno, ambayo ikishalowa melamini na kukandamizwa hupitisha mwanga kama kioo. Melamini hiyo ndiyo ileile ya sahani zisizovunjika zilizozoeleka majumbani. Kinachoufanya utando uvumilie nyayo ni chembechembe za oksidi ya alumini zilizochanganywa ndani yake. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, almasi hupewa 10 na oksidi hiyo, katika umbo lake la fuwele, hupewa 9. Mchanga wa kawaida, ambao kwa sehemu kubwa ni kwatzi, hupewa 7. Kwa mkazi wa mwambao hesabu hii si ya kinadharia. Adui mkubwa wa sakafu iliyopakwa vanishi ni mchanga unaoingia na viatu, kwa kuwa mchanga ni mgumu kuliko vanishi na kila hatua ni msasa. Mbele ya utando wa lamineti mchanga huo ndio ulio laini.

Matabaka yote manne hupangwa pamoja na kuingizwa katika kikandamizi kimoja chenye joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi, na hushikamana katika muda usiofika dakika moja. Ipo njia nyingine, iliyo ghali zaidi, ambapo karatasi za juu hukandamizwa kwanza peke yake, pamoja na karatasi nyingine nzito za kutia unene, na bamba linalopatikana likabandikwa juu ya kiini kwa gundi. Njia hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na fomaika.

3.3 Kiungo

Mbao za lamineti za mwanzo ziliunganishwa kwa ulimi na mfuo, yaani ukingo mmoja umechomoza na mwingine umechimbwa, na gundi ikatiwa kati. Kazi ilikuwa ya taratibu, na kosa la fundi lilikuwa la kudumu. Mwaka 1996 kampuni ya Välinge ya Uswidi ilileta kiungo kisichohitaji gundi, na mwaka uliofuata Unilin ya Ubelgiji ikaleta cha kwake. Katika viungo hivyo ulimi huingizwa kwa pembe ndani ya mfuo, kisha ubao hulazwa chini, na mwinuko mdogo uliochongwa kwenye kingo hujifunga wenyewe. Ubao hupachikwa, kama mshale unavyopachikwa katika upote wa uta, na ukitakiwa kutoka huinuliwa kwa pembe ileile.

Mashauri mengi ya hataza yalifuata, na mojawapo linastahili kutajwa mbele ya wasomaji wa lugha. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ya Marekani ilitoa uamuzi katika shauri la kampuni ya Alloc dhidi ya Tume ya Biashara ya Kimataifa ya nchi hiyo. Swali lililobeba shauri lilikuwa iwapo hati ya hataza, kwa maneno yake, ilidai kuwepo kwa nafasi ndogo ndani ya kiungo, nafasi ambayo kwa Kiingereza huitwa kwa neno lenye maana ya mchezo. Mahakama ilishikilia kuwa hati iliidai nafasi hiyo, na kwa hiyo viungo visivyokuwa nayo havikuivunja hataza. Fundi wa Kiswahili naye, bila kusoma hati yoyote, husema juu ya kiungo kilicholegea kuwa 'kinacheza'. Lugha mbili zisizo na undugu zimekifikia kitenzi kilekile, na katika mojawapo kitenzi hicho kimeamua haki za kibiashara. Anayedhani kwamba istilahi za mafundi ni jambo dogo na alitafakari shauri hilo.

4.0 Faida na mipaka yake

Faida za lamineti zinatokana moja kwa moja na muundo ulioelezwa, na haziwezi kutenganishwa nao. Hugharimu kidogo kuliko mbao za mninga au mvule kwa kuwa kiini chake hakihitaji gogo kubwa, na kwa sababu hiyohiyo hupunguza haja ya kukata miti migumu inayochukua miaka mingi kukua. Hutandikwa upesi, chumba cha kawaida humalizika kwa siku moja na hukanyagwa siku hiyohiyo, ilhali saruji hungoja kukauka na vanishi hungoja kukoma kunuka. Uso wake haufyonzi chai wala mafuta. Ubao mmoja ukiharibika, mbao zinaweza kuinuliwa kutoka ukutani hadi kwenye ule ulioharibika na kurudishwa. Na mpangaji anayehama anaweza, kwa uangalifu, kuondoka na sakafu yake, jambo ambalo mwenye nyumba ya saruji hawezi kulifikiria.

Uvumilivu wake hupimwa. Kiwango cha Ulaya EN 13329 kinaeleza jaribio ambamo magurudumu yenye karatasi ya msasa huzungushwa juu ya uso wa sampuli mpaka sura ianze kufutika, na idadi ya mizunguko ndiyo inayotoa daraja. Daraja la AC4 hudai mizunguko isiyopungua 4,000, na AC5 isiyopungua 6,000. Herufi hizo mbili zinaleta utata, kwa sababu kwa mkazi wa mjini katika Afrika Mashariki AC ni mashine ya kupoza hewa, na si ajabu mnunuzi akadhani kuwa sakafu hiyo ni baridi.

Mipaka nayo haifichiki. Lamineti haipigwi msasa, kwa sababu iliyokwisha kutajwa. Hutoa mwangwi wa uwazi chini ya kisigino ikiwa tandiko la chini ni duni. Maji yanayotuama huingia katika maungio na kukivimbisha kiini, hivyo bafu na mahali pa kufulia si mahali pake. Katika mji kama Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa yenyewe ina unyevu mwingi kwa sehemu kubwa ya mwaka, mbao hutanuka hata bila kumwagiwa kitu. Ndiyo maana huachwa nafasi ya milimita 8 hadi 10 kati ya sakafu na ukuta pande zote. Fundi asiyejua sababu huiona nafasi hiyo kuwa kazi mbovu na kuisukuma sakafu mpaka ukutani. Msimu wa mvua ukifika, sakafu hukosa pa kwenda na kuinuka katikati ya chumba.

Lipo pia suala la afya. Gundi inayotumika katika kiini aghalabu ina fomaldehaidi, ambayo huvukia hewani kidogo kidogo, na huvukia zaidi palipo na joto na unyevu. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka fomaldehaidi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2015 kipindi cha 60 Minutes cha televisheni ya CBS nchini Marekani kilitangaza kuwa sampuli za lamineti zilizotengenezwa China zilizidi kiwango cha fomaldehaidi kinachoruhusiwa na sheria ya California, ingawa maboksi yalidai kukitimiza. Boksi lenye alama E1 linadai kutimiza kiwango cha Ulaya cha uvukaji wa gesi hiyo. Alama ni madai, lakini asiyejua kuwa ipo hawezi hata kuyadai.

5.0 Kuitaja

Majina manne yanaweza kufikiriwa. La kwanza, 'sakafu ya mbao', limekwisha kuonyeshwa kuwa linapotosha. La pili ni 'sakafu ya tabaka' au 'ya matabaka'. Lina faida ya kutaja muundo, lakini lina kasoro mbili. Plaiwudi nayo ni ya matabaka, na matabaka yake ni mti mtupu. Jina hilo lingeziunganisha bidhaa zinazohitaji kutenganishwa. Tena, baada ya nusu karne ya uhakiki wa fasihi uliojaa migogoro ya kitabaka, msomaji wa idara za Kiswahili akisikia sakafu ya tabaka ataanza kuuliza ni tabaka lipi linaloimiliki.

La tatu ni tafsiri sisisi ya jina la jumla linalotumiwa Ulaya, yaani 'sakafu inayoelea'. Wataalamu huko huiita hivyo kwa sababu haikupigiliwa misumari wala kugandishwa chini. Taswira hiyo ni ya maji. Kumwambia mnunuzi kwamba sakafu yake inaelea, kisha kumwonya kuwa maji ndiyo adui yake, ni kumpa amri mbili zinazopingana katika sentensi moja.

Hapa ndipo vitenzi vya Kiswahili vinapofaa. Sakafu isiyoshikamana na jengo, inayolala juu ya nyingine kwa uzito wake na inayoweza kuondolewa, Kiswahili kinajua inachofanyiwa: hutandikwa. Jina la nne, na ndilo linalopendekezwa, ni 'sakafu ya kutandika'. Linatenganishwa na zulia kwa nomino yake kuu, na linatenganishwa na sakafu ya kupigwa au kumwagwa kwa kitenzi chake. Kwa kuwa lamineti si pekee inayotandikwa, jina hilo linafaa kuwa la jumla, na chini yake yakae majina ya aina: sakafu ya kutandika ya lamineti, ya plastiki, au ya mbao halisi. Neno lamineti linabaki, likiwa limetoholewa, mahali panapolistahili, yaani kutofautisha aina, ambapo utohozi haudhuru. Linaungwa mkono na mazoea, kwa kuwa wenye kufunika vitambulisho kwa plastiki wamekwisha kulizoeza sikio; wazo la karatasi iliyofunikwa si mbali na ukweli.

Kwa sehemu za ubao, maneno ya kawaida yanatosha, na yametumika katika makala haya bila kuhitaji maelezo: utando, sura, kiini, ulimi, mfuo, kupachika. Karatasi ya mgongoni inaweza kuitwa karatasi mizani, kwa kuwa mizani ndiyo kazi yake. Kilalacho chini ya mbao, kiwe sponji au kitu kingine, ni tandiko. Nafasi ya ukutani inahitaji jina litakalomzuia fundi asiizibe, na 'nafasi ya kutanuka' linatosha, kwa sababu limebeba sababu yake.

Istilahi hupimwa kwa kutumiwa. Maelekezo yaliyomo katika maboksi ya lamineti huandikwa kwa lugha nyingi, na ni nadra Kiswahili kuwemo. Aya ifuatayo ni jaribio la kuyaandika kwa maneno yaliyopendekezwa:

'Sakafu hii ni ya kutandika. Usiipigilie misumari wala kuigandisha chini. Weka maboksi ndani ya chumba kwa saa 48 kabla ya kuyafungua, ili mbao zizoee hewa. Hakikisha saruji imekauka na haina mabonde. Tandaza nailoni ya kuzuia unyevu, kisha tandiko. Anzia pembeni mwa ukuta, na acha nafasi ya kutanuka ya milimita 10 pande zote, hata mlangoni. Ingiza ulimi katika mfuo kwa pembe, kisha ulaze ubao mpaka ujifunge, kiungo kisicheze. Usipige msasa: sura ni karatasi. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, usimwage maji.'

Aya hiyo ina neno moja tu ambalo halina asili ndani ya matumizi ya kawaida ya nyumbani au ya karakana, nalo ni milimita. Ubao mwembamba unaozungushwa chini ya ukuta kuficha nafasi ya kutanuka haukutajwa, kwa sababu mafundi wa miji mbalimbali huuita kwa matamshi tofauti ya neno la Kiingereza, na uchaguzi baina ya matamshi hayo unahitaji kwanza kukusanywa kwa data kutoka karakana za Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na Nairobi.